Nyumba ya Askari Chini ya Mlima

Askari hukaa katika nyumba isiyo yake tangu siku ile avaapo sare mpaka siku aivuapo. Akiwa kambini hupewa chumba. Akihamishwa hukabidhi ufunguo. Na yule ajaye nyuma yake hutundika kofia kwenye msumari uleule. Hatusemi haya kwa kulalamika, kwani ndivyo kazi ilivyo. Lakini ndiyo sababu neno nyumba humkaa askari moyoni kuliko linavyomkaa raia, na ndiyo sababu pia madalali wa viwanja humpenda sana askari. Wanajua kwamba mshahara wake ni wa kila mwezi, kwamba anaweza kupata mkopo katika chama cha Wazalendo kama ni mwanajeshi au katika Exodus kama ni polisi, na kwamba siku ya kustaafu atapokea kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja. Wanajua vilevile kuwa likizo yake ni fupi, na mtu mwenye likizo fupi hununua upesi.

Leo twapenda kusema na wale ndugu zetu ambao macho yao yameelekea Mbale, na hasa vile vimji vidogo vilivyo chini ya Mlima Elgon, nje kidogo ya jiji. Si ajabu kwamba wanapapenda. Mbale ni mji uliokulia mahali alipopiga kambi Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20, na katika miaka iliyozunguka Uhuru ulisifiwa kwa usafi wake. Tarehe 1 Julai 2020 ukawa jiji, pamoja na Gulu, Mbarara, Jinja, Arua, Masaka na Fort Portal. Kabla ya hapo, mwaka 2018, ulikuwa umekwisha funguliwa uwanja wa viwanda wa Wachina na Uganda upande wa tambarare. Jiji likipanuka, ardhi ya katikati hupanda bei, na mtu wa mshahara mdogo husukumwa nje. Huko nje kuna njia mbili: kwenda chini kwenye tambarare za mpunga na tope, au kupanda miguuni mwa mlima kwenye upepo mzuri na migomba.

Wengi huchagua miguu ya mlima. Tuchukue mfano wa Nabumali, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu iendayo Tororo, nje ya Mbale, karibu na pale njia ya Butaleja inapoachana na lami hiyo. Kuna shule ya sekondari ya zamani iliyoanzishwa na wamisionari, kuna soko, kuna magari ya abiria kutwa nzima, na mtumishi aliye kambi ya Bugema upande wa Mbale au Rubongo upande wa Tororo anaweza kufika nyumbani bila kulala njiani. Mtoto atasoma, mama atalima mboga, usiku ni baridi ya kulala na blanketi. Mstaafu aliyezoea joto la mahema hawezi kuulizwa kwa nini apapenda hapo.

Basi kununua huko si kosa. Tunachokiogopa ni namna ya kununua. Katika vimji hivi mnunuzi huuliza bei kwanza, halafu ukubwa, halafu umbali toka barabarani, na baada ya hapo hutoa fedha. Maswali mawili ambayo yangemwokoa hayaulizi kabisa: maji ya mlima hupita wapi, na ardhi hii ni ya nani baada ya huyu anayeiuza?

Tuanze na maji. Elgon ni mlima wa volkano iliyokufa, wenye kimo cha mita 4,321, na ubavu wake wa magharibi hupokea mvua nyingi sana. Udongo wake mwekundu ni mzito na una rutuba. Ndio uliozaa kahawa ya Bugisu inayojulikana ulimwenguni. Lakini udongo huohuo ukishiba maji huwa kama uji kwenye sahani iliyoinamishwa. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko mmoja wa Bududa uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi, na watu waliokufa na waliopotea walihesabiwa kwa mamia. Wako miongoni mwa wasomaji wetu wanajeshi waliopelekwa kule kufukua kwa majembe na mikono, maana mashine hazikuweza kupanda. Hao hawahitaji kuhadithiwa. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na mawe na magogo ukapita katika masoko na nyumba za Bukalasi. Tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya vijiji vya Bulambuli.

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya juu mlimani, mimi nanunua chini. Twamjibu kwa usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022. Usiku ule mito ya Nabuyonga na Namatala, ambayo katika kiangazi mtoto huivuka kwa mawe, iliingia Mbale yenyewe. Basi dogo lenye abiria lilichukuliwa na maji. Watu zaidi ya 20 walikufa, mabomba makuu ya maji yakavunjika, na jiji lililokuwa limezama likakosa maji ya kunywa. Waliopatwa usiku ule walikuwa watu wa chini. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa Elgon hauishii pale mteremko unapoishia. Huendelea kwenye bonde, kando ya barabara, na nyuma ya nyumba ambayo dalali amekwisha ipaka rangi.

Dalali naye ana majira yake. Hupenda kuonyesha viwanja kati ya Desemba na Februari, wakati ardhi imekauka na kila kijito ni kichochoro cha mbuzi. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho ni karibu desimali 12 za eka, huonekana wakati huo kama meza. Mwenye akili hukiangalia mara ya pili mwezi wa Aprili au Mei, tena asubuhi baada ya mvua ya usiku. Atazame nyasi zimelala kuelekea wapi. Atazame kama kuna mchanga mpya kwenye njia, na kama kuta za nyumba za jirani zina mstari wa tope, na mstari huo ni wa kimo gani. Akikuta kiwanjani jiwe kubwa kama gari, aulize lilifikaje pale, kwa sababu halikuoteshwa. Jiwe la namna hiyo liliteremka siku moja, na njia iliyolileta bado iko.

Kwenye mteremko wenyewe dalili ni nyingine. Nyufa ndefu zinazokata shamba kwa upana, miti iliyoinama kama walevi, chemchemi iliyotokea mahali ambapo haikuwako, mlango wa nyumba ya jirani usiofungika tena sawasawa: hizi ni habari ambazo ardhi huzitoa yenyewe kabla ya kuanguka. Na mara nyingi mjenzi ndiye huongeza hatari kwa mikono yake. Akitaka uwanja ulio sawa hukata mguu wa kilima nyuma ya nyumba, akasimamisha ukuta mrefu wa udongo mtupu, akaelekeza maji ya bati palepale. Amemwondolea mlima kiatu chake. Fedha ambazo zingejenga chumba cha nne zingefaa zaidi zikijenga mfereji wa mawe juu ya nyumba na kupanda nyasi na miti kwenye ule ukingo.

Sheria nayo imesema. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa ziliweka mita 100 kutoka alama ya juu ya maji kwa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mito mingine, ziwe za kuhifadhiwa. Hatua 30 za mtu mzima hazitoshi hata kidogo kuwa mita 30, wala mita zenyewe hazipimwi kutoka mahali maji yalipo mwezi wa Januari. Hupimwa kutoka pale yanapofika yakijaa. Zaidi ya hayo, sheria ya mipango miji ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Kwa hiyo hata katika mji mdogo mjenzi hutakiwa kupeleka ramani yake kwa kamati inayohusika. Tunajua watu husema kamati hizo ni usumbufu. Huenda. Lakini ndiko mahali pa kwanza pa kujua kama barabara mpya au mfereji mkubwa umechorwa juu ya sebule yako.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa halionekani hata mvua ikinyesha.

Ardhi nyingi za Bugisu ni za kimila. Katiba ya mwaka 1995 ilitambua milki ya kimila pamoja na ile ya kudumu, ya mailo na ya kukodi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaeleza jinsi ya kuipatia cheti kupitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya ardhi ya wilaya. Hii ni milki kamili. Si milki ya daraja la pili kama wengine wanavyodhani. Lakini ina watu wengi ndani yake. Kwa Wagisu, au Wamasaba kama wengi wao wapendavyo kujiita, mvulana huwa mwanamume kwa imbalu, yaani tohara ifanywayo katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ambayo hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale. Kijana akisha kusimama bila kupepesa jicho mbele ya kisu, hutazamia baba yake amkatie sehemu ya kujenga na kulima. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba na kwa babu. Na kwa kuwa watu ni wengi na milima haiongezeki, sehemu hizo zimekuwa ndogo mno. Wengine hugawana mistari ya migomba.

Sasa fikiri. Mzee mmoja anauza kiwanja. Ana haja ya fedha za hospitali, au za karo, au za deni, au za pombe tu. Kiwanja hicho alikwisha kumwonyesha mwanawe wa pili kwa kidole miaka mitatu iliyopita. Hakuna karatasi ya kidole. Askari anakuja, analipa, anaandikiwa hati na kugongewa muhuri wa mwenyekiti wa LC1, anarudi kazini Karamoja. Mwaka wa imbalu unafika, kijana anatahiriwa, anakwenda kwenye sehemu yake na kukuta nguzo za zege. Mzee wakati huo ameishafariki. Je, nani ana haki? Mahakama itaamua, lakini huenda ikachukua miaka, na katika miaka hiyo familia ya askari italala katika nyumba iliyozungukwa na watu wenye uchungu. Hakuna ukuta wa kuzuia hilo.

Mtu asilaumu mila. Mila iko wazi kwa anayeuliza. Mnunuzi awaketishe wote mahali pamoja: mke au wake wa muuzaji, watoto waliokomaa, ndugu zake, wazee wa ukoo, na majirani wa mipaka yote minne. Ridhaa ya mke si adabu tu. Sheria inaitaka katika ardhi ambayo familia inakaa au inapata riziki yake, na mauzo yasiyokuwa nayo yanaweza kubatilishwa. Majirani nao watembee kwenye mpaka mbele yake, wapande ile mimea ya mipaka kwa pamoja, watie saini. Mwenyekiti wa LC1 ni shahidi mzuri, kwa maana anawajua watu. Lakini muhuri wake haugeuzi ardhi isiyouzika kuwa yenye kuuzika. Kama muuzaji anaonyesha hatimiliki, basi ikaguliwe katika ofisi ya ardhi ya kanda iliyoko Mbale, si katika baa, na jina lililoko kwenye daftari la serikali lilinganishwe na kitambulisho cha taifa cha yule anayepokea fedha. Mpima ardhi aonyeshe mawe ya mpaka yalipo. Kazi hii yote yaweza kwisha kwa siku chache, na gharama yake ni ndogo mbele ya kiinua mgongo kizima.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wengine hawapendi lisemwe. Wako askari wachache wanaokwenda kwenye mapatano ya ardhi wakiwa wamevaa sare, na mara nyingine wakiwa na silaha. Pengine hawakusudii kumtisha mtu. Wametoka zamu tu. Pengine wanakusudia. Kwa vyovyote vile wanajidhuru. Mwanakijiji mbele ya bunduki hukubali bei, huonyesha mpaka wowote atakaoulizwa, hutia dole gumba, na moyoni hukataa. Mwanawe atakuja kusema mbele ya hakimu kwamba baba aliuza kwa kuogopa, na kila jirani atathibitisha kwamba mnunuzi alikuja na sare. Hati iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka haina nguvu, hata ikiwa bei ilikuwa ya haki. Ndugu polisi wanalijua hili kuliko wote, kwa kuwa ndio wanaoitwa mapanga yanapotoka kwenye mipaka. Inaudhi kumwona askari aliyetuliza ugomvi wa ardhi Jumatatu akiuanzisha wa kwake Jumamosi. Nenda umevaa shati, keti kwenye benchi la mwenyeji, mwite mzee mzee. Na akikataa kuuza, mshukuru na uondoke.

Aidha, yafaa ikumbukwe kuwa mnunuzi katika kimji kama Nabumali hapati kiwanja peke yake. Anapata majirani watakaokuwa naye mpaka kaburini. Mke wake atachota maji pamoja na wake zao. Msiba ukitokea, mgeni naye hutazamiwa kufika, kukaa na wafiwa, na kutoa mchango wake kadiri alivyo. Askari hayupo, yuko kazini. Basi familia yake na ifike kwa niaba yake, na yeye mwenyewe awapo likizo asijifungie ndani na redio. Tumesikia watu wakisema kwamba wenyeji ni wagumu. Mara nyingi ukiuliza sana utakuta mgeni mwenyewe hakuwahi kuvuka njia kuwasalimu. Mwenyeji aliyesalimiwa ndiye atakayekupigia simu usiku kwamba mto umepanda, au kwamba kuna watu wanapima kiwanja chako.

Limebaki jambo la walio mbali. Tangu mwaka 2007 wanajeshi wetu wametumikia Somalia, na fedha za huko ndizo zilizojenga nyumba nyingi za mabati mapya tuzionazo nchini. Ndizo vilevile zilizovunja undugu mwingi. Mtu yuko Mogadishu, hulala kwenye handaki, hutuma fedha kwa kaka yake anunue kiwanja. Kaka ananunua na kuandika jina lake mwenyewe, mara nyingine kwa hila, mara nyingine kwa sababu karani aliuliza jina la aliyepo. Mwenye fedha akirudi humkuta kaka amekwisha weka mpangaji. Wengine hurudi kwenye jeneza, na mjane hana karatasi hata moja ya kumwonyesha hakimu. Asiyeweza kuwapo aandike hati ya uwakilishi mbele ya wakili, itaje jina la mnunuzi halisi na mipaka ya kiwanja, na hati ya mauzo iandikwe kwa jina hilohilo. Afadhali zaidi jina lake na la mkewe kwa pamoja. Nakala moja ikae kwa mke, moja kwa wakili, moja benki au katika chama cha akiba kilichotoa mkopo. Fedha zipite benki, hata kama muuzaji anapenda noti mkononi, ili tarehe na kiasi vibaki vimeandikwa.

Na kama likizo haijafika, kiwanja kingoje. Muuzaji wa kweli aliyepewa arubuni kidogo na kuandikiana mbele ya wazee wake ataweza kungoja miezi mitatu mpaka mnunuzi afike, apande Nabumali mwenyewe, aone maji yanapopita na akutane na watoto wa muuzaji mmoja mmoja. Yule anayesema kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho asubuhi, mwache amuuzie huyo. Viwanja vingine viko Nyondo, viko Bumbobi, viko kila kando ya barabara ile mpaka karibu na Tororo, na bado kuna wazee wanaouza kwa uwazi, wake zao wakiwa wameketi kando yao.